Kuitazama Omega Centauri ukiwa Arusha au Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Julai, naulizwa maswali yale yale: na waongoza watalii wenye binokula shingoni, na wanafunzi wa sekondari, na majirani wanaonikuta uani alfajiri nimejifunga shuka. Nimeyakusanya hapa. Nyakati ni za saa yetu ya Kiswahili na zimepigiwa hesabu ya Arusha mjini. Ukiwa Moshi tofauti ni dakika mbili tatu tu.

## Mambo ya mwanzo

Omega Centauri ni kitu gani hasa?

Ni fungunyota tufe, yaani nyota nyingi mno zilizoshikana kwa mvutano wao wenyewe mpaka zikafanya umbo la mpira. Katikati zimesongamana, na kadiri unavyokwenda pembeni zinazidi kutawanyika. Hili lina nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10, kipenyo chake ni miakanuru 150 hivi (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na liko umbali wa miakanuru 17,000 hivi kutoka kwetu. Mwanga utakaoingia jichoni mwako usiku huo ulianza safari kabla mtu yeyote duniani hajalima shamba.

Galaksi yetu, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota ambao Jua letu ni mojawapo, ina mafungunyota tufe zaidi ya 150 yanayojulikana. Omega Centauri ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalong'aa kuliko yote angani. Nyota zake nyingi zina umri wa miaka bilioni 12 hivi. Jua letu lina bilioni 4.6, kwa hiyo mbele ya nyota hizo ni mtoto.

Lina tofauti gani na Kilimia?

Kilimia nacho ni fungunyota, lakini la wazi: nyota zake hazikusongamana, ni zaidi ya 1,000 kidogo, na ni changa, umri wake ni miaka milioni 100 hivi. Kipo jirani pia, miakanuru 440 hivi, ndiyo maana macho matupu yanazihesabu nyota zake sita au saba bila shida. Wazee wetu walipangia kilimo kwa Kilimia na kusema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Omega Centauri sijapata kusikia likipangiwa shamba, na nadhani sababu ni kwamba kwa macho matupu linafanana na nyota ya kawaida iliyofifia.

Watu huchanganya pia fungunyota na kundinyota. Kundinyota ni picha tunayoichora sisi kwa nyota zisizo na undugu wowote, moja iko karibu, nyingine mbali sana. Fungunyota ni ukoo wa kweli, nyota zake zinaishi pamoja. Omega Centauri ni fungunyota lililoko upande wa kundinyota Kantarusi.

Kwa nini lina jina kama la nyota?

Kwa sababu kwa karne nyingi lilidhaniwa kuwa nyota. Mwanaanga Ptolemaio wa Alexandria, katika karne ya 2, aliliandika kwenye orodha yake ya nyota. Mwaka 1603 Johann Bayer alizipa nyota za kila kundinyota herufi za Kigiriki, na hili likaangukiwa na omega, herufi ya mwisho. Mwaka 1677 Edmond Halley, akiwa kisiwa cha Saint Helena katika Atlantiki ya kusini, aliona kwamba si nyota bali ni kitu chenye ukungu. James Dunlop, akiangalia kutoka Australia, ndiye aliyelielezea mwaka 1826 kuwa mpira wa nyota zilizobanana.

Mnasema watu wa huku tuna bahati. Bahati gani?

Ya kwanza ni latitudo. Arusha na Moshi ziko digrii 3 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo Omega Centauri linapofika kileleni, yaani mahali pake pa juu kabisa angani, huwa digrii 46 juu ya upeo wa kusini. Hiyo ni nusu ya njia kutoka ardhini hadi utosini. Aliyeko London au Berlin halioni maisha yake yote akiwa kwao, kwa sababu kaskazini ya latitudo 42 na nusu halichomozi kabisa.

Ya pili ni milima, na hapa ndipo wengi hushangaa. Meru iko kaskazini mwa Arusha, Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi. Kusini kwetu ni tambarare: nyika ya Umasaini kwa upande wa Arusha, mashamba ya miwa ya Arusha Chini kwa upande wa Moshi. Ukitaka kuliona Omega Centauri unaupa mlima mgongo.

Ya tatu naipenda kuliko zote. Watu wa Ulaya na Marekani husifia sana M13, fungunyota tufe maarufu la anga lao la kaskazini. Sisi tunaona yote mawili usiku mmoja. Katikati ya Juni, saa nne usiku, simama uwanjani: Omega Centauri liko kusini, M13 liko kaskazini, na kila moja limevuka digrii 40 juu. Waliojaliwa anga la namna hiyo ni wachache duniani.

## Lini

Ni mwezi gani mzuri?

Kwa hesabu ya anga peke yake, Mei na Juni. Katikati ya Mei fungunyota linafika kileleni saa nne na nusu usiku, mwanzoni mwa Juni saa tatu na nusu hivi, katikati ya Juni saa mbili na nusu. Julai giza likiingia tayari limeanza kushuka upande wa kusini-magharibi. Katikati ya Agosti, saa moja na nusu jioni, bado liko digrii 30 juu, kisha linazama kabla ya saa tano.

Lakini anga halikai peke yake, lina mvua chini yake. Masika yetu ni Machi hadi Mei, na Juni na Julai ni baridi yenye mawingu mazito yanayolalia miteremko siku nzima. Kwa hiyo msimu wake wa jioni unaangukia hasa wakati ambao hatuoni kitu. Kila mwaka napata ujumbe wa mtu aliyesoma kwenye mtandao kwamba Mei ni bora, akakesha wiki nzima chini ya mawingu na kukata tamaa. Aliyemshauri alikuwa anaishi mahali pengine.

Kwa mtu wa Arusha au Moshi, jibu langu ni Januari na Februari, alfajiri. Kipindi hicho vuli imekwisha, masika hayajaanza, na anga mara nyingi ni safi kabisa. Katikati ya Februari fungunyota linafika kileleni saa kumi na robo alfajiri. Katikati ya Januari, saa kumi na moja alfajiri, linakuwa limepanda zaidi ya digrii 40 na mapambazuko bado kidogo. Anga la saa kumi na robo katikati ya Februari ndilo lile lile la saa mbili na nusu usiku katikati ya Juni, ila limeoshwa na halina mawingu. Zaidi ya hapo, alfajiri taa nyingi zimezimwa, magari yametulia, vumbi limekaa chini.

Najua kuamka saa kumi ni kazi. Lala mapema siku moja tu, ya Jumamosi.

Juni na Julai basi niache kabisa?

Usiache. Mawingu ya miezi hiyo mara nyingi ni ya milima: hewa yenye unyevu inapandishwa na miteremko, inapoa, inakuwa wingu. Ndiyo maana Ngaramtoni au Marangu unaweza kukuta giza la mawingu huku Makuyuni au Kahe nyota zinawaka. Ukishuka bondeni umbali wa nusu saa hadi saa moja kwa gari, unaweza kutoka kabisa chini ya blanketi. Kabla ya kulipia mafuta, mpigie simu mtu anayeishi kule unakokwenda, atoke nje, aangalie kusini akuambie.

Mwezi ukiwepo je?

Mwezi mkubwa unaliharibu. Fungunyota halipotei, lakini unabaki na kidoa katikati na kingo zote zinamezwa na mwanga.

Njia rahisi ya kupanga ni kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, kwa sababu zinaufuata mwezi wenyewe. Kwa kutazama jioni, chagua kuanzia mwezi 22 hadi mwezi 4 au 5. Kwa alfajiri, chagua kuanzia mwezi 28 hadi mwezi 10: siku ya 10 mwezi unazama kama saa nane usiku, na saa kumi utakuta giza safi. Hii ni faida nyingine ya alfajiri. Jirani yangu mmoja huliona kila Ramadhani inapoangukia mwanzoni mwa mwaka, akishamaliza daku anatoka uani.

## Kulitafuta

Nalipataje angani?

Elekea kusini. Tafuta Msalaba wa Kusini, nyota nne zenye umbo la tiara ndogo. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zilizokaribiana. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, iliyo karibu nao ni Beta Centauri. Anzia hapo kwenye Beta.

Kutoka Beta panda juu ukielekea kulia kidogo, pungufu ya ngumi moja ukiwa umeunyoosha mkono. Utakuta nyota ya wastani iliyo peke yake, Epsilon Centauri. Endelea na mstari ule ule, umbali pungufu kidogo ya ule wa kwanza, na hapo lipo. Kuhakikisha, angalia kushoto kwake: umbali wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa kuna nyota nyingine ya wastani, Zeta Centauri. Ukiielekeza binokula baina ya Epsilon na Zeta, juu kidogo upande wa kulia, ukazungusha taratibu, kitapita kitu cha mviringo kisicho na ncha. Kikipita utajua. Hakifanani na nyota.

Kulia na kushoto nilizozitaja ni za wakati fungunyota liko kileleni. Likiwa linachomoza kusini-mashariki picha yote imelala upande, na mstari wa Beta na Epsilon bado unafanya kazi, ila hauelekei juu tena bali kushoto.

Kuna nyota kali sana kusini, ndiyo hiyo?

Hapana. Ukiiona jioni za Januari hadi Aprili, ikiwa juu na inang'aa kwa weupe, hiyo ni Suheli, ile ile ambayo manahodha wa pwani waliitumia mpaka jina lake likawa na maana ya kusini. Omega Centauri haliwaki. Lina mwangaza wa 3.9 hivi, na katika kipimo hicho namba ikiwa kubwa kitu kinafifia. Suheli iko chini ya sifuri.

Programu ya simu inaonyesha lipo hapo hapo, lakini silioni. Kwa nini?

Mara nyingi kosa ni simu yenyewe. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili lifunguke vizuri, na kioo cha simu kinafuta kazi yote hiyo kwa sekunde chache. Programu kama Stellarium ina hali ya usiku inayogeuza kila kitu kuwa chekundu. Iwashe, kisha punguza mwangaza mpaka mwisho. Tochi nayo ifunike kwa kitambaa chekundu au nailoni nyekundu iliyokunjwa mara mbili.

Jambo la pili ni namna ya kuangalia. Katikati ya jicho hapaoni vizuri gizani. Pembeni ndiko panakoona. Ukilikazia macho fungunyota linafifia, ukiangalia pembeni yake kidogo linavimba. Waongoza watalii wanalielewa hili haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndivyo wanavyomwona fisi gizani.

Kama yote hayo umefanya na bado, soma swali linalofuata. Huenda tatizo ni mahali.

Niende wapi?

Mjini Arusha kwa macho matupu sahau. Kwa binokula linaonekana hata Njiro au Sakina, ukisimama kwenye kivuli cha ukuta unaozuia taa za barabarani, lakini ni kivuli tu cha lenyewe.

Kanuni ni moja: uwe na mji nyuma yako, upande wa kaskazini. Ukiwa kaskazini mwa mji, mwanga wote wa mji unakaa chini ya kitu unachokitafuta. Kwa hiyo miteremko ya Meru juu ya mji, ingawa ina giza zuri, haifai sana kwa kazi hii. Kisongo kuendelea Monduli na Makuyuni ni bora. Upande wa mashariki, kushuka kuelekea Mirerani ni kuzuri. Mara ya kwanza mimi kuliona fungunyota hili ilikuwa kandokando ya barabara hiyo, kwa binokula ya kuazima, na nililirudisha jicho pale pale mpaka shingo ikaniuma. Kwa wa Moshi, teremka kuelekea Kahe au Arusha Chini.

Usalama ukoje?

Usiende peke yako. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji mapema, mchana, umweleze unachokuja kufanya. Watu wenye tochi nyekundu porini usiku wanatia hofu, na kijiji kina haki ya kuuliza. Mkaribishe naye aangalie. Usiingie ndani ya hifadhi usiku bila kibali. Kaa karibu na gari, vaa viatu vilivyofunika mguu, mulika chini kabla ya kuweka kiti. Maeneo ya wafugaji yana fisi, na wenyeji watakuambia wanapita wapi. Wasikilize.

Kusema kweli, uwanja wa shule ya kijiji au kiwanja cha kanisa kilichozungushiwa uzio kinatosha kabisa. Omba ruhusa.

## Vifaa

Nina binokula ya safari tu. Inatosha?

Inatosha, na natamani watu waanzie hapo. Binokula za 8x42 (zinakuza mara 8, lenzi ya mbele ni milimita 42) ambazo waongoza watalii wengi wanazo zinalionyesha vizuri. Za 10x50 zinalionyesha vizuri zaidi. Utaona mpira laini wa mwanga, mzito katikati, unaoyeyuka kuelekea kingo. Upana wake wote angani umeuzidi mwezi mpevu, ingawa sehemu za nje zimefifia na jicho halizifikii zote. Nyota mojamoja hutaziona.

Tatizo ni mikono kutetemeka. Keti kwenye kiti cha plastiki, egemea ukuta, viwiko viwe juu ya magoti au kifuani. Au lala chali juu ya mkeka. Tofauti ni kubwa mno.

Kwa macho matupu linaonekana kweli?

Ndiyo, penye giza. Utaona nyota hafifu iliyo kama imefutwa kwa kidole. Ukishaijua huipotezi tena.

Darubini ya ukubwa gani inaanza kutenganisha nyota?

Kinachohesabiwa ni kipenyo cha lenzi au kioo cha mbele. Milimita 70 inakupa ukungu wenye chembechembe ambazo huna hakika nazo. Milimita 100, penye giza na hewa tulivu, kingo zinaanza kupasuka kuwa nyota. Milimita 150 unapata nyota kwa mamia. Milimita 200, ukikuza mara 100 hivi, zinajaa mpaka katikati, kama sukari iliyomwagwa juu ya kaniki. Nimewaona watu wazima wakinyamaza ghafla wakiwa wameinamia darubini ya namna hiyo, na watoto wakifanya kinyume.

Usikuze kupita kiasi. Fungunyota hili ni pana, ukikuza sana unabaki na sehemu yake tu, na giza linaongezeka.

Ninunue ipi?

Usinunue kwanza. Tumia binokula msimu mmoja. Ukiona bado unaamka saa kumi kwa hiari yako, nunua ya kioo cha milimita 130 hadi 200 yenye kitako kifupi cha mbao kinachozunguka mezani au chini, kwa sababu kwa bei ile ile unapata kioo kikubwa zaidi. Epuka sanduku lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba linakuza mara 500. Ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, na mara nyingi anga haliruhusu hata hapo.

Darubini za kioo hupindua picha juu chini. Si mbovu. Angani hakuna juu wala chini.

Naweza kulipiga picha?

Kwa simu kwenye stendi, hali ya usiku, sekunde 10 hadi 30, utapata nyota moja nene kuliko wenzake. Kwa kamera yenye lenzi ya milimita 50 usizidishe sekunde 10, la sivyo nyota zinachora mistari kwa sababu dunia inazunguka. Lenzi ya milimita 200 inahitaji picha nyingi fupi za sekunde mbili hivi, kisha unazipanga moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta. Hapo mpira unatokea kweli.

## Maswali ya ndani zaidi

Nimesikia kuna shimo jeusi katikati yake. Ni kweli?

Ushahidi wenye nguvu umepatikana. Mwaka 2024 wanaanga walichapisha matokeo ya picha zaidi ya 500 za darubini ya Hubble, zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 20, ambazo ziliwawezesha kupima mwendo wa nyota milioni 1.4 za fungunyota hili. Karibu kabisa na kitovu walikuta nyota saba zinazokwenda kasi mno. Kwa kasi hiyo zilipaswa kuwa zimekwishachomoka na kutokomea. Kitu kizito kisichoonekana kinazishikilia, na hesabu inasema kina uzito wa angalau mara 8,200 ya Jua.

Kinachowasisimua wataalamu ni ukubwa huo. Mashimo meusi yanayotokana na nyota moja yanajulikana, na yale ya katikati ya galaksi yenye uzito wa mamilioni ya Jua yanajulikana. Ya kati kwa kati ndiyo adimu.

Wewe hutaliona. Lakini ukilenga katikati ya mpira ule kwa binokula ya kuazima, unalenga pale pale.

Kwa nini wengine wanasema si fungunyota bali ni galaksi?

Kwa sababu nyota zake hazikuzaliwa pamoja. Mafungunyota tufe mengi yana nyota za kizazi kimoja au zinazokaribiana; hili lina vizazi kadhaa vyenye kemikali tofauti, na ni zito kupita kiasi, karibu mara milioni 4 ya Jua. Wanaanga wengi wanaamini ni kiini kilichobaki cha galaksi ndogo iliyomezwa na galaksi yetu zamani sana: nyama imeliwa, kokwa limebaki. Shimo jeusi lililotajwa hapo juu linaitia nguvu hoja hiyo, maana kuwa na shimo jeusi kubwa kitovuni ni tabia ya galaksi. Mimi nashawishika nayo.

Nyota zilivyobanana hivyo, hazigongani?

Ni nadra. Kitovuni, nyota na jirani yake zimeachana kama sehemu ya kumi ya mwakanuru. Jua na nyota ya jirani yake zimeachana miakanuru 4.2. Ni msongamano kwa viwango vya nyota, lakini sehemu ya kumi ya mwakanuru bado ni karibu kilomita trilioni moja.

Hii ni unajimu wa kutabiri nyota za watu?

Hapana. Hii ni elimu ya falaki, astronomia. Sitabiri.

## Ya pembezoni

Mimi ni mpagazi Kilimanjaro. Naweza kuliona nikiwa kazini?

Unaweza, na pengine una nafasi nzuri kuliko sisi sote wa chini. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, juu ya mawingu mengi na vumbi lote. Usiku wa kupanda kileleni huanza karibu na saa sita, na katikati ya Januari ndiyo saa Omega Centauri linachomoza kusini-mashariki. Katikati ya Februari linakuwa limechomoza tangu saa nne. Njiani mgongo wako uko upande wake, kwa hiyo mkisimama kupumzika geuka nyuma. Alfajiri mkikaribia Stella Point, ukingoni mwa kreta, liko juu kabisa.

Jambo moja la kujua: hewa ikiwa nyembamba, jicho nalo linapungukiwa oksijeni na linaona hafifu gizani. Ukiona nyota zimepungua kuliko ulivyotarajia, vuta pumzi ndefu mara kadhaa kisha angalia tena. Na usimwache mgeni wako peke yake kwa ajili ya fungunyota.

Kuanzia Septemba hadi Desemba, jioni linapokuwa halionekani vizuri, niangalie nini?

Septemba bado anga la jioni lina M22, katika kundinyota Mshale, na M4, lililo jirani kabisa na ile nyota nyekundu ya moyo wa Nge. M4 ni la karibu mno kwa mafungunyota tufe, miakanuru 6,000 hivi. Ukipekua kwa binokula eneo lote hilo la Nge na Mshale utakutana na vidoa vingine vya ukungu, na wingi wao upande huo si bahati tu: mwaka 1918 mwanaanga Harlow Shapley aliutumia kuonyesha kwamba kitovu cha galaksi kiko huko, na sisi tuko mbali pembeni.

Novemba geukia 47 Tucanae, la pili kwa kung'aa baada ya Omega. Katikati ya mwezi linafika kileleni saa tatu na robo usiku, kusini kabisa, lakini haliendi juu zaidi ya digrii 21. Kanuni ya kuuweka mji nyuma yako inakuwa ya lazima hapo. Na Novemba ni vuli, kwa hiyo unasubiri mvua inyeshe mchana, anga lioshwe, kisha unatoka.

Nimetoka mara tatu na sijaliona. Nifanyeje?

Niandikie tarehe, saa, na mahali uliposimama. Mara nyingi nakuta mtu alitoka Aprili saa mbili usiku akatazama juu mno, ilhali saa hiyo fungunyota lilikuwa bado chini kusini-mashariki, au alitoka ukiwa mwezi 13. Zikiwa hizo zote ni sawa, basi ni mawingu membamba ambayo macho hayayatambui usiku. Yapime kwa Msalaba wa Kusini: una nyota ndogo ya tano, karibu na mguu wake upande wa kulia. Ukiiona hiyo kwa macho matupu, anga linafaa, na Omega Centauri nalo litaonekana. Usipoiona, rudi ulale, ujaribu kesho alfajiri.